Tamasha la hisani la vijana wa muziki wa klasiki Tabora: namna ya kuliandaa ili watoto wasikike

Mara ya kwanza tulipoandaa tamasha la namna hii hapa Tabora, mtoto wa miaka kumi na mmoja alipiga vayolini yake dakika nne nzima, na waliokaa kuanzia safu ya tano kurudi nyuma hawakusikia kitu. Jenereta ilikuwa inanguruma chini ya dirisha, spika zinatoa besi tupu, na watu wanaendelea na mazungumzo yao. Mwisho wa siku, tulipomaliza kulipa mitambo, turubai na chakula cha meza kuu, tulibaki na shilingi 84,000 za kuwapelekea wale tuliowachangishia. Sijaisahau siku ile.

Haya ninayoandika ni yale tuliyorekebisha baada ya hapo. Karibu yote yanarudi kwenye jambo moja: mtu hufungua mkono akishasikia. Kwa hiyo tarehe, paa, viti, mgeni rasmi na kapu la michango, vyote vipime kwa swali hili: mtoto atasikika?

Hatua ya kwanza: fedha ni za nani, na zitanunua nini

Usitangaze "kusaidia watoto wenye uhitaji". Maneno hayo watu wameyasikia mno. Taja kitu kinachohesabika. Sisi mara ya pili tulichangia watoto wasioona: karatasi nene za kuandikia nukta nundu, yaani maandishi ya kusomwa kwa vidole, na matengenezo ya mashine za kuyaandikia, za Perkins, zilizokuwa zimekwama vitufe. Tuliandika kwenye tangazo ni mashine ngapi na ni pakiti ngapi za karatasi, na watu wakauliza bei ya pakiti moja. Mtu anayeuliza bei ameshaanza kutoa.

Jambo hili lina historia ndefu. Ile "Aleluya" ambayo kwaya zetu huimba Pasaka ni ya mtunzi Händel, na kazi kubwa ambamo wimbo huo umo ilisikika hadharani kwa mara ya kwanza Dublin, Ireland, tarehe 13 Aprili 1742, kwenye tamasha la hisani. Mapato yaligawanywa kwa hospitali mbili na kwa wafungwa wa madeni, na wafungwa 142 wakatolewa gerezani kwa fedha hizo. Ona hiyo namba: zaidi ya miaka 280 imepita na bado inatajwa, kwa sababu walioandaa walijua wanamtoa nani na wapi.

Kama unaowachangia ni wasioona, waambie wasikilizaji pia kwamba Louis Braille, Mfaransa aliyebuni maandishi ya nukta nundu, alikuwa mpiga kinanda wa kanisani, na mfumo alioutoa mwaka 1829 uliandika muziki pamoja na maneno. Hadi leo muziki wao huandikwa kwa nukta zilezile sita za maneno. Hapo tamasha na sababu yake vinakuwa kitu kimoja.

Hatua ya pili: tarehe na saa

Usithubutu kuweka tamasha la vayolini kati ya Novemba na Aprili. Mvua ya Tabora ikishuka kwenye bati, hata mhubiri mwenye maiki hunyamaza akasubiri. Miezi mizuri ni Juni hadi mwanzoni mwa Septemba. Huo pia ndio msimu ambao wakulima wengi wa tumbaku wanauza, na mji una pesa kidogo. Ila angalia kalenda ya shule. Likizo ya katikati ya mwaka huwaondoa wanafunzi wa bweni, Septemba darasa la saba wana mtihani, na baada ya hapo kidato cha nne hawana tena nafasi ya mazoezi. Wiki ya Nanenane iache. Mimi napenda Jumapili ya mwisho ya Julai.

Kwa nini Jumapili? Jumamosi huwapati vijana Wasabato, na baadhi ya waimbaji wazuri wa mji huu ni Wasabato. Saa ni jambo la kufikiria zaidi. Tabora iko mbali magharibi, kwa hiyo jua letu huchelewa kuliko la Dar es Salaam kwa karibu nusu saa. Julai linazama karibu saa moja kasoro dakika kumi. Ukianza saa kumi na nusu, Waislamu wamekwisha kuswali Alasiri. Ukimaliza saa kumi na mbili na robo, wanafika kwenye swala ya Magharibi bila kukimbia, na watoto wanarudi nyumbani kukiwa na mwanga. Saa moja na dakika arobaini na tano inatosha kabisa, mapumziko yakiwemo. Mji huu una misikiti na makanisa yaliyokaa jirani miaka mingi, na tamasha linalomlazimisha nusu ya wasikilizaji kuchagua kati ya kukaa na kuswali limewakosea.

Hatua ya tatu: vibali

Hii ni ya kutembea tu, ila ianze miezi miwili kabla. Nenda kwa Afisa Utamaduni wa Manispaa na barua yenye jina la tamasha, mahali, tarehe, idadi ya watu na mnufaika. Yeye atakuelekeza kuhusu kibali cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Kwa kuwa unakusanya fedha kutoka kwa watu, ulizia ofisi ya Mkuu wa Wilaya kuhusu kibali cha michango, na nakala ya barua ipeleke polisi.

Hakimiliki watu wengi huiruka. Kwa sheria yetu ya mwaka 1999, kazi inalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mtunzi Bach aliyefariki 1750 hamdai mtu. Lakini ile nyimbo tamu ya kwaya iliyotungwa na mwalimu aliye hai inadai, hata kama kila parokia inaiimba. Mwandikie mtunzi, na uliza COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Watunzi wetu wakiombwa kwa adabu hufurahi, na wengine huja wenyewe kusikiliza.

Watoto walio chini ya miaka 18 wawe na ruhusa ya maandishi ya mzazi au mlezi, na ruhusa ya picha iandikwe kivyake. Mzazi anaweza kukubali mwanaye apige kinanda na asikubali sura yake isambae mitandaoni. Heshimu hilo.

Hatua ya nne: ukumbi

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi.

Nenda ukausikilize ukumbi. Nenda saa ileile ya tamasha, siku ileile ya wiki. Mara ya pili tulimfuata mzee anayetunza ukumbi mmoja wa shule.

"Shikamoo mzee. Tunaomba kuingia Jumapili saa kumi na moja jioni, tukae kimya kama nusu saa hivi."

"Marahaba wanangu. Mkae kimya mnafanya nini?"

"Tunausikiliza ukumbi, mzee."

Akafikiri kidogo, akasema: "Basi njooni kabla jua halijashuka. Bati hilo linalia kila jioni."

Na kweli lililia. Bati lililopigwa na jua la kiangazi mchana kutwa, jua likianza kulegea linaanza kupoa na kujikunja, na kila linapojikunja linatoa mlio mkavu: ta! kimya, ta! ta! Ukiwa unaongea huutambui. Mtoto akipiga polepole kwenye uzi mmoja, mlio ule unakata kama kijiti kinachovunjika. Tulihamia kanisa lenye dari ya mbao. Dari ndiyo kitu cha kwanza cha kutafuta, kabla ya rangi, kabla ya maua, kabla ya hata ukubwa.

Ukiwa ndani, piga kofi moja kwa nguvu katikati ya ukumbi. Sauti ikirudi mara mbili tatu, una mwangwi wa kuta za saruji. Dawa yake ni kitambaa: omba akina mama vitenge na mablanketi, yaninginizwe ukuta wa nyuma, ule unaotazamana na wapigaji. Nyuma ya wapigaji usiweke kitambaa. Ukuta mgumu hapo unasukuma sauti mbele. Kwa hiyo yale mapambo ya shashi na mapazia ambayo wapambaji hupenda kuyajaza jukwaani yahamishie kuta za nyuma na pembeni. Wataudhika kidogo. Waeleze sababu.

Kisha sikiliza nje. Barabara ya bodaboda iko upande gani? Treni hupita saa ngapi? Kunguru wanalala kwenye mwembe upi? Feni zinavuma? Feni zina kosa la pili, hupeperusha karatasi za nota; vibanio vya nguo viwili kwa kila stendi vinamaliza tatizo hilo. Jenereta, kama lazima iwepo, ikae nyuma ya jengo jingine na waya mrefu. Mwanga wa saa kumi na nusu ukiingia madirishani unaweza usihitaji umeme kabisa, isipokuwa kwa kinanda.

Na spika? Kwa watu wasiozidi mia mbili katika ukumbi wenye dari, achana nazo kwa muziki. Weka maiki moja ya mshereheshaji, basi. Najua fundi mitambo atashangaa. Lakini vayolini na tarumbeta vilitengenezwa vijaze chumba vyenyewe, na watu wakigundua kwamba sauti inatoka kwenye mbao zile mikononi mwa mtoto, wananyamaza zaidi. Watu wakizidi, weka maiki juu ya mpigaji kama mita moja hivi, na umwombe fundi aitoe besi yote.

Viti vipangeni karibu na wapigaji kadiri inavyowezekana, kwa nusu duara. Kwenye lile tamasha la Dublin, magazeti yaliwaomba wanawake waje bila zile sketi zenye pete za kuzitanua, na wanaume waache panga zao nyumbani, ili watu wengi zaidi waenee. Kiasi cha 700 wakaingia. Sisi hatuna panga, lakini tuna meza kuu. Iondoe. Mgeni rasmi akae safu ya kwanza, kiti kizuri, bila meza ndefu yenye maji na maua inayosukuma watu wote mita nne nyuma.

Hatua ya tano: vijana

Utaulizwa: "Muziki wa klasiki, Tabora hii?" Huu ni mji wa bendi za Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, masikio yapo. Na anayeimba besi kanisani anajua muziki wa sauti nne hata kama haujui kwa jina hilo. Wimbo wetu wa Taifa wenyewe sauti yake ni ya Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, aliyeitunga 1897 kama wimbo wa kwaya.

Anza kwa walimu wa kwaya. Tabora ni makao ya Kanisa la Moravian Magharibi, na Wamoravian wana mapokeo ya kwaya za matarumbeta tangu karne ya 18 kule Herrnhut, Ujerumani; ukitafuta kijana wa tarumbeta au tromboni, piga hodi hapo. Ulizia wapiga kinanda Seminari Kuu ya Kipalapala, kwenye shule za bweni, na kwenye parokia. Vayolini na selo, ile kama vayolini kubwa inayopigwa ukiwa umeketi, ni chache. Kama mna mwalimu aliyepita Bagamoyo kwenye chuo cha sanaa cha TaSUBa, au chuo kikuu cha Makumira, au chuo cha muziki Zanzibar, mwombe awasikilize vijana wiki sita kabla na kuwaambia ukweli.

Kuchagua ndiko kugumu. Tamasha la hisani lina kishawishi cha kumpandisha kila mtoto ili kila mzazi afurahi. Sishauri. Vijana saba walioiva watakupa tamasha. Ishirini na watano watakupa mahafali. Wasioiva bado wape kazi ya heshima, kufungua kurasa za nota, kupokea wageni, kuimba kwenye kwaya ya mwisho, na waambie wazi kwamba mwakani mlango uko wazi.

Tafadhali pia usimpandishe mtoto kwa sababu ya huruma. Mara ya pili tulikuwa na kijana wa kidato cha tatu asiyeona, mpiga kinanda. Mmoja wetu alitaka mshereheshaji amtambulishe kwa habari za maisha yake. Kijana mwenyewe alikataa, kwa upole, akasema: "Naomba mseme nitapiga nini tu." Tukasema atapiga nini tu. Akapiga kwa kichwa kurasa sita bila kukosa, na hakuna aliyehitaji kuambiwa zaidi.

Venisi, kule Italia, walilijua hili mapema. Mtunzi Vivaldi alianza kufundisha vayolini mwaka 1703 kwenye nyumba ya kulelea watoto waliotelekezwa, na mabinti wa nyumba ile wakafikia kiwango cha kuwavuta wageni kutoka pande nyingi za Ulaya. Walikuja kusikiliza, wakaacha fedha. Ubora wa muziki ndio uliokuwa ombi.

Vipande viwe vifupi, dakika tatu hadi sita, na jumla ya muziki isizidi dakika sabini. Changanya: kinanda peke yake, vayolini na kinanda, kundi la tarumbeta, kwaya. Mpigaji wako hodari kuliko wote msimweke wa mwisho, watu watakuwa wamechoka. Mweke wa tatu kutoka mwisho. Tamasha lifunguliwe kwa tarumbeta na lifungwe kwa wimbo wa kwaya ambao ukumbi mzima unaujua na kuuimba. Katikati weka mtunzi ambaye vijana wetu wanastahili kumfahamu: Joseph Bologne, aliyezaliwa kisiwa cha Guadeloupe, Karibi, 1745 na mama mtumwa mwenye asili ya Afrika, akawa mmoja wa wapiga vayolini mashuhuri wa Paris, au Samuel Coleridge-Taylor wa London, ambaye baba yake alitoka Sierra Leone.

Majina kwenye karatasi ya ratiba yaandikwe sawasawa. Ile minueti, wimbo mdogo wa dansi katika kii ya Sol, ambayo kila anayeanza kinanda huipiga, vitabu vingi huandika ni ya Bach. Ni ya Christian Petzold. Bach alikuwa nayo nyumbani kwake tu, kwenye daftari la mkewe. Mtoto anayesoma jina sahihi atalikumbuka.

Hatua ya sita: vyombo na kiangazi chetu

Kiangazi cha Tabora ni kikavu, na mbao hazipendi. Vayolini iliyoletwa kutoka pwani ikikaa hapa wiki moja, vigingi vya kukazia nyuzi vinasinyaa na kuanza kuteleza. Utamwona mtoto anakaza, kinarudi, anakaza, kinarudi, na macho yanaanza kujaa maji. "Mwalimu, hii imekataa." Chomoa kigingi, kipake chaki ya ubaoni kidogo, kirudishe ukikisukuma kwa ndani unapokizungusha. Kitashika. Na ndani ya sanduku la vayolini weka kikopo cha sabuni kilichotobolewa matundu, chenye kipande cha sponji kilicholowa na kukamuliwa vizuri. Kinatoa unyevu polepole na mbao hazipasuki. Usiache sanduku ndani ya gari lililoegeshwa juani, hata kwa dakika kumi.

Nunua nyuzi za akiba mapema, hapa hutazipata Jumapili jioni. Unaokatika zaidi ni ule mwembamba wa noti ya Mi, basi uwe nao miwili. Selo ina mahitaji yake mawili ambayo hakuna anayekuonya: mpigaji anahitaji kiti kisicho na mikono, na viti vyetu vyote vya plastiki vina mikono, kwa hiyo azima kiti cha mbao cha darasani, na ule mguu wa chuma wa selo huteleza kwenye marumaru, basi tandika kipande cha zulia chini, kikubwa cha kutosha kiti kikae juu yake. Uzito wa mpigaji utakizuia kisisogee.

Kinanda kiwe na vitufe 88 vizito, na kanyagio lake lije. Kanyagio husahaulika kila mara. Kikiwa cha kuazima kanisani, hakikisha kile kitufe cha kuhamisha kii kimerudishwa sifuri. Wapiga kinanda wetu wa kwaya hukitumia sana, na kijana asiyejua ataanza kupiga, vidole viko sahihi, sauti inatoka nyingine kabisa. Nimeona mtoto akiondoa mikono kama aliyeungua.

Kuoanisha vyombo kufanyike ndani ya ukumbi, si nje kwenye kivuli, na kufanyike upya baada ya mapumziko. Joto likipanda, tarumbeta hupanda na nyuzi hushuka. Kila mtu afuate noti ya La ya kinanda.

Hatua ya saba: bajeti

Kanuni moja tu, na tuliilipia: fedha ya tiketi haigusi gharama. Gharama zipate wadhamini kabla hujachapa tiketi ya kwanza, na udhamini wa vitu ni rahisi kuliko wa pesa. Mwenye duka la vifaa vya shule atachapisha ratiba. Mwenye Hiace atawachukua watoto wa Ipuli na Isevya. Wauza asali watatoa chupa za kuuza mapumziko na kuacha sehemu ya mauzo. Gharama isiyopata mdhamini, iondoe. Ndivyo chakula cha meza kuu kilivyoondoka kwetu.

Tuseme mna nafasi 250: 150 za watu wazima kwa shilingi 10,000 na 100 za wanafunzi kwa 2,000. Zikijaa zote ni shilingi 1,700,000, na yote ni ya mnufaika. Unaweza kusimama mbele ya watu na kusema sentensi hiyo bila kutafuna maneno, na ukiisema mwanzoni kapu la mwisho linakuwa zito. Tiketi ziwe na namba. Akaunti iwe na watia saini watatu, na lipa namba iwe ya tamasha, isiwe ya mtu.

Hatua ya nane: siku yenyewe

Watoto wafike saa saba, wale wali na maharage, wapige kila mmoja mwanzo na mwisho wa kipande chake jukwaani, kisha wapumzike. Wasirudie vipande vizima, wataviacha humo. Wafundishe kuingia, kuinama, kusubiri kimya kabla ya kuanza. Ukimya ule wa sekunde tano kabla ya sauti ya kwanza ndio unaonyamazisha ukumbi, kuliko tangazo lolote.

Mgeni rasmi akichelewa? Anzeni. Mwambieni mapema, kwa barua yenye heshima, kwamba milango inafungwa saa kumi na nusu na inafunguliwa tena kati ya kipande na kipande. Mwekeni neno lake baada ya mapumziko, dakika tano. Wakati watu wanaingia, tarumbeta zipige nje chini ya miembe. Anayechelewa anakuta shangwe, na waliowahi hawajachoka. Risala ndefu msisome. Idadi ya mashine na bei ya karatasi, inatosha.

Sasa kutunza. Kwetu mtu akiguswa anainuka, anacheza hadi mbele, anabandika noti kwenye paji la uso la mpigaji. Ni desturi nzuri na sitaki kuiua. Lakini mtoto mwenye upinde mkononi na kidevu kwenye vayolini akibandikwa elfu tano usoni, wimbo umekwisha. Wekeni kapu kubwa la ukindu mbele, katikati, na mshereheshaji aseme: "Ndugu zangu, ukiguswa, subiri apige sauti ya mwisho, kisha njoo umtunze kwenye kapu." Walielewa mara moja. Wakaja wakicheza, kati ya kipande na kipande, na vigelegele juu. Kuhusu makofi katikati ya kipande chenye sehemu kadhaa, msimkaripie mtu. Mpigaji ashushe upinde pale tu anapomaliza kabisa, na watu watamfuata.

Karanga, matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa) na asali viuzwe nje, mapumziko tu. Karanga zilizofungwa kwenye karatasi zina kelele kuliko unavyodhani.

Hatua ya tisa: kuhesabu na kukabidhi

Wakati kwaya ya mwisho inaimba, watu watatu wahesabu chumba cha pembeni: mzazi mmoja, mwakilishi wa mnufaika, na mtu mzima anayeaminika mtaani. Watie saini. Kabla watu hawajatoka, andikeni jumla kwenye ubao, kwa tarakimu kubwa: tiketi, kapu, lipa namba. Ahadi ziandikwe mstari wake peke yake, zisijumlishwe na fedha taslimu, maana ahadi nyingine haziji. Ndani ya wiki mbili, risiti za manunuzi zibandikwe kwenye mbao za matangazo za makanisa, misikiti na shule zilizoshiriki.

Vijana walegeze nyuzi za pinde zao kabla ya kufunga masanduku, wafute unga wa rozini, ule utomvu mkavu unaopakwa kwenye pinde, kwenye mbao kwa kitambaa kikavu. Mwambie kila mmoja, ana kwa ana, ulichokisikia katika upigaji wake.

Siku ya kukabidhi, wao ndio waende, na vyombo vyao. Tengeni saa mbili, si nusu saa ya picha. Tulipopeleka mashine, dada wa selo aliketi kwenye kiti cha mbao, watoto wakamzunguka, akavuta upinde kwenye uzi mnene taratibu. Mtoto mmoja wa darasa la pili akanyoosha mkono, akaukuta ubavu wa selo, akabandika kiganja. Kisha akaleta na cha pili. "Inatetemeka," akawaambia wenzake, "shikeni hapa," na mikono ikawa mingi kiasi kwamba dada alibaki na nafasi ndogo ya kupitisha upinde, lakini akaendelea kupiga.